Mpaka Ulio Karibu na Mlango Wetu

Anayepanda basi la alfajiri kutoka Mwanjelwa kwenda Tunduma hufika mpakani kabla jua halijawa kali. Anayekwenda Namanga, kwenye mpaka wa Kenya, hutumia siku nzima na zaidi. Tunaanza na jambo hili dogo kwa sababu limebeba historia ya wakazi wote wa Mbeya, wenye asili ya Bara Hindi na majirani zao: mpaka uliofunguliwa na sheria ni ule ulio mbali nasi.

Mstari wa Tunduma ulichorwa Berlin. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili, Tunduma na Nakonde. Mto Songwe nao ukawatenga Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde. Hakuna aliyewauliza.

Wazee wetu waliotoka Gujarat waliikuta mipaka hiyo, lakini haikuwabana sana. Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa na forodha ya pamoja tangu miaka ya 1920, na sarafu moja, shilingi ya Afrika Mashariki. Mwenye duka Mbeya, aliyewauzia bidhaa wachimbaji wa dhahabu wa Lupa, aliweza kuwa na kaka Mombasa na shemeji Kampala, wala wasihesabiwe wageni. Uhuru ulileta heshima ya uraia, ukaleta pia ulazima wa kuchagua. Waliotakiwa kujiandikisha kuwa raia wa Tanganyika walipewa miaka 2 tangu 9 Desemba 1961. Wako waliojiandikisha, na wako waliobaki na pasi za Kiingereza. Ukoo mmoja ukawa na pasi za nchi tatu. Mwaka 1966 sarafu zikagawanyika. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia kutoka Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa wenye jamaa Nairobi, hiyo ilikuwa miaka ya harusi na misiba ya kusikia kwa barua.

Upande wa kusini mambo yalikwenda kinyume, na hapa tunaomba tukawie kidogo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini, na njia hiyo ilipita kwetu. Yalianza malori ya mafuta na shaba katika barabara ya vumbi na matope. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta hadi Ndola. Kisha, kati ya 1970 na 1975, Wachina wakashirikiana na Watanzania na Wazambia kujenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Upana wa reli hiyo ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na nchi za kusini yake, wakati Reli ya Kati ina milimita 1,000. Kwa hiyo behewa lililosimama stesheni ya Mbeya, pale Iyunga, linaweza kuendelea hadi Afrika Kusini lakini haliwezi kukanyaga reli ya Tabora.

Reli ilitazama kusini, sheria ikatazama kaskazini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, na Soko la Pamoja, lenye haki ya watu na mitaji kuvuka mipaka, likaanza tarehe 1 Julai 2010. Leo Somalia ni mwanachama. Zambia na Malawi si wanachama. Hao tuko nao SADC, ambayo ina eneo huru la biashara tangu 2008, lakini itifaki yake ya 2005 kuhusu watu kusafiri na kukaa katika nchi wanachama bado haijaanza kutumika. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa haombi viza kwenda Nakonde. Hata hivyo, kuruhusiwa kuingia ni jambo moja, na kuwa na haki ya kufungua duka huko ni jingine.

Hatukatai kwamba hatua zimepigwa. Mwezi Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili ukaguzi wa nchi zote mbili ufanyike mahali pamoja. Foleni ya malori, tuseme kweli, bado ipo.

Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa za nje, mchele na ndizi zikiwemo. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu. Nchi zote tatu ni za SADC. Mchele wa Kyela uliweza kungoja ghalani. Ndizi za Rungwe, zikishakatwa, haziwezi kungoja mawaziri wakutane. Tanzania iliondoa zuio lake mwishoni mwa Aprili, na malori yakaanza tena kuteremka kuelekea Kasumulu.