Kompyuta zinazotoweka kwenye mtandao wa ofisi: chanzo na tiba

Ofisi ndogo ya Nchelenge au Kashikishi, kwenye ufuko wa Zambia wa Ziwa Mweru, haihitaji mtandao mkubwa: kompyuta nne, printa na ruta moja zinatosha. Hata hivyo, hutokea kompyuta yenye daftari la wagonjwa au hesabu za mauzo ya samaki ikaonekana asubuhi, ikatoweka mchana na kurejea jioni bila kuguswa na mtu. Karani anayeshindwa kulifikia daftari hufungua jingine, na kabla ya wiki kwisha ofisi ina kumbukumbu mbili zinazopingana.

Wilaya ya Nchelenge ndiko yaliko makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kuwapokea waliokimbia mapigano nchini Kongo. Miongoni mwao, aliyejifunza kompyuta kwa Kifaransa hukumbana na menyu za Kiingereza. Maelezo yafuatayo yanahusu kompyuta za Windows, na mengi kati yake yanaweza kufanywa kabla ya kumwita fundi kutoka Mansa.

Haionekani au haifikiki?

Hilo ndilo swali la kwanza. Kwenye kompyuta iliyotoweka, fungua dirisha la amri, andika ipconfig na unakili anwani yake, kwa mfano 192.168.1.20. Kisha, kwenye kompyuta nyingine, andika \\192.168.1.20 katika upau wa anwani wa dirisha la mafaili. Mafaili yakifunguka, mtandao ni mzima na kilichoharibika ni orodha ya majina tu. Yasipofunguka, tatizo huwa kwenye anwani, umeme, kebo au programu ya ulinzi inayozuia mawasiliano.

Orodha isiyoaminika

Katika mfumo wa zamani wa Windows, kompyuta moja ilichaguliwa kutunza orodha ya wenzake, nao walijitangaza kila baada ya dakika 12. Iliyozimwa ghafla iliweza kubaki kwenye orodha kwa zaidi ya nusu saa, na mtunza orodha alipozimwa, uchaguzi ulianza upya.

Mfumo huo ulitegemea itifaki ya SMB1, ambayo udhaifu wake ulitumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017. Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba mwaka huo, SMB1 haiwekwi tena kama kawaida. Baadhi ya watu hushauri irudishwe ili majina yaonekane. Ushauri huo ni wa hatari.

Njia salama ni kuweka mtandao wa ofisi katika hali ya faragha, kuwasha ugunduzi wa mtandao, na kuifanya huduma iitwayo Function Discovery Resource Publication ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapowaka. Aidha, kila kompyuta iwe na jina lake. Kompyuta kuukuu zilizonakiliwa mfumo mmoja huweza kuja na jina moja, na zikiwaka pamoja, moja huificha nyingine.

Ruta mbili, anwani zinazogongana

Ruta hugawa anwani kwa muda maalumu. Mtu anapoongeza ruta ya pili ya laini ya simu kwa sababu intaneti ni dhaifu, kila ruta huanza kugawa anwani zake, na kompyuta hujikuta katika makundi mawili yasiyoonana. Dawa ni kuiachia ruta moja kazi hiyo, na kuitengea anwani isiyobadilika kompyuta yenye mafaili. Anwani inayoanza na 169.254 ni dalili kwamba kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta.

Umeme na kebo

Umeme wa Zambia hutegemea zaidi maji. Ukame uliotangazwa kuwa janga la kitaifa tarehe 29 Februari 2024 uliambatana na mgao mkali wa umeme. Umeme unapokatika, kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri ilhali ruta imezimika. Kwa mtumiaji, wenzake wote wametoweka. Betri ndogo ya akiba ianze kuhudumia ruta na swichi kabla ya printa.

Kompyuta inayotoweka kila inapoachwa bila kazi huenda imelala. Izuiwe kulala, na kadi yake ya mtandao iondolewe ruhusa ya kujizima ili kuokoa umeme. Kebo nayo isizidi mita 100, na ile inayounganisha majengo mawili ichomolewe radi inapokaribia.

Daftari la matukio

Tatizo la kuja na kuondoka hukamatwa kwa kumbukumbu. Kila kompyuta inapotoweka, iandikwe saa, anwani iliyokuwa nayo, hali ya umeme na taa za ruta. Baada ya siku chache mpangilio hujitokeza: saa za mgao, mchana wa joto, au dakika ile ile ambapo ruta ya pili huwashwa. Wakati huo wote daftari la kazi libaki moja, na nakala yake ihifadhiwe kila jioni kwenye diski ya nje.