Kutoka Mpira wa Pong hadi Uwanja wa Silanga: Gemu Zilizobadilisha Maana ya Kucheza

Michezo ya video, ambayo wengi Afrika Mashariki huiita gemu, ina umri wa zaidi ya miaka 60. Katika muda huo imetengenezwa maelfu kwa maelfu, na mingi imesahaulika. Michache imekumbukwa kwa sababu ilibadilisha jambo la msingi, yaani kazi ya mkono wa mchezaji. Mkono huo ulianza kwa kurudisha mpira. Baadaye ukaja kuwinda alama, kusafiri, kupanga, kujenga, na hata kubeba lawama ya uamuzi. Kila hatua ilimwachia mchezaji wazo jipya kuhusu uwezo wa gemu, na waliotengeneza gemu zilizofuata wakaanzia hapo.

Kutoka maabara hadi baa

Mnamo Oktoba 1958, mwanafizikia William Higinbotham alitaka kuwachangamsha wageni waliotembelea maabara ya taifa ya Brookhaven, katika jimbo la New York nchini Marekani. Aliunganisha kompyuta ya analogi na oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, akapata uwanja wa tenisi unaotazamwa kwa ubavu: mstari wa ardhi, wavu mfupi na nukta ya mwanga inayoruka huku na huku. Wageni walipanga foleni ili wajaribu. Mnamo 1962, Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT walikamilisha Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Wachezaji wawili waliongoza vyombo vya angani na kurushiana makombora, huku nyota iliyo katikati ikivivuta vyombo vyote viwili. Programu hiyo ilisambaa katika vyuo na maabara zilizokuwa na mashine ya aina hiyo, lakini haikufika mitaani, maana kompyuta moja iligharimu zaidi ya dola 100,000.

Mwaka 1972 ndio uliotoa gemu maabara. Mhandisi Ralph Baer alikuwa amebuni kifaa cha kuunganishwa na televisheni ya nyumbani, kikauzwa kwa jina la Magnavox Odyssey. Nolan Bushnell, mmoja wa waasisi wa Atari, alikitazama kikionyeshwa, kisha akampa mfanyakazi wake kijana, Allan Alcorn, jukumu la kutengeneza mchezo wa mpira wa meza kama zoezi. Alcorn aliongeza mambo mawili yaliyoleta utamu: mpira ulibadili pembe kulingana na sehemu ya kibao uliyoigusa, na kasi yake ilipanda kadiri wachezaji walivyozidi kuurudisha. Mashine ya majaribio ya Pong iliwekwa katika baa moja mjini Sunnyvale, California. Baada ya muda mfupi ikakwama. Alcorn alipoifungua alikuta sanduku la sarafu limejaa hadi pomoni.

Pong ilifundisha kwamba gemu nzuri haihitaji mwalimu. Maelekezo yake yalikuwa machache sana, na mtu aliyeingia baa kwa mara ya kwanza aliweza kushindana na mwenyeji papo hapo.

Alama na haiba

Hadi hapo mpinzani alikuwa hasa binadamu mwenzako. Mnamo 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitoa Space Invaders, na mpinzani akawa mashine yenyewe. Wavamizi 55 kutoka angani walishuka kwa safu, hatua kwa hatua. Prosesa ya wakati huo ililemewa na kazi ya kuchora maumbo yote, kwa hiyo kila mvamizi alipoangushwa, waliosalia walikwenda kasi zaidi. Nishikado aliona kasoro hiyo inaongeza hofu, akaiacha. Sauti nzito ya noti nne nayo ilienda mbio pamoja na wavamizi, kama moyo wa mtu anayefukuzwa. Gemu haikuwa na mwisho wa ushindi, na juu ya kioo iliandikwa alama ya juu kuliko zote. Mchezaji akawa anashindana na watu ambao hakuwahi kuwaona, na hata na nafsi yake ya jana.

Mwaka 1980 Toru Iwatani wa Namco alileta Pac-Man. Alitaka gemu itakayowavutia wanawake na wapenzi waliotoka pamoja, katika kumbi zilizotawaliwa na wanaume na gemu za kupiga risasi. Alichagua tendo la kula. Mashetani wanne wanaomfukuza mhusika mkuu walipewa tabia tofauti: mwekundu humfuata moja kwa moja, wa waridi hulenga kumkatia njia mbele. Maumbo machache ya rangi yakawa na haiba, na wachezaji wakaanza kuyazungumzia kama viumbe wenye nia.

Ulimwengu ulio nje ya kioo

Mnamo 1983 biashara ya gemu za nyumbani Marekani iliporomoka. Soko lilijaa kaseti zilizotengenezwa kwa pupa. Mojawapo, ya filamu ya E.T., iliandikwa kwa takriban wiki tano tu, na shehena ya kaseti zisizouzika ilifukiwa katika jalala la Alamogordo, New Mexico.

Uhai ulirudi kutoka Japani. Septemba 1985 Nintendo ilitoa Super Mario Bros., iliyoongozwa na Shigeru Miyamoto pamoja na Takashi Tezuka, kwa muziki wa Koji Kondo. Hatua yake ya kwanza husomwa hadi leo na wasanifu wa gemu kama somo la ualimu. Mario amesimama kushoto, na nafasi tupu iko kulia, kwa hiyo mchezaji anakwenda kulia. Adui wa kwanza anakuja taratibu. Asiyeruka hufa, lakini hupoteza sekunde chache tu, na mara ya pili huruka. Uyoga unaotoka kwenye tofali hugonga bomba na kurudi kwa mchezaji, hivyo hata anayeuogopa ataugusa na kugundua kwamba unamkuza. Hakuna neno hata moja la maelezo. Kioo nacho husogea pamoja na Mario, na kila hatua hufunua ardhi ambayo haikuonekana. Gemu ikawa safari.

The Legend of Zelda ya mwaka 1986 ilipanua safari hiyo. Miyamoto aliikumbuka hali ya utotoni mwake, alipozurura katika vilima na mapango karibu na kwao Sonobe bila ramani. Katika toleo la Marekani la 1987, kaseti iliwekewa betri ya kuhifadhi pale mchezaji alipofikia. Badiliko hilo la ufundi lilikuwa na uzito mkubwa. Gemu haikuwa tena jambo la dakika tatu na sarafu moja, bali iliweza kuachwa jioni na kuendelezwa kesho, kama kitabu kilichowekwa alama.

Kanuni tupu

Wakati huohuo, katikati ya miaka ya 1980, Alexey Pajitnov alikuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovieti, mjini Moscow. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, kwa hiyo maumbo saba ya miraba minne yalichorwa kwa alama za mabano. Maumbo hudondoka, mchezaji huyageuza na kuyapanga, na mstari uliojaa hufutika. Hiyo ndiyo Tetris nzima.

Gemu hiyo ilipita mkono kwa mkono kwa diski hadi ikavuka mipaka. Haki zake zikagombewa na makampuni ya Uingereza, Marekani na Japani, hadi Henk Rogers aliposafiri kwenda Moscow mwaka 1989 kujadiliana na shirika la serikali la Elorg. Mwaka huohuo iliuzwa pamoja na Game Boy na kuingia mifukoni mwa mamilioni ya watu. Pajitnov mwenyewe alianza kupata mrabaha mwaka 1996 tu. Kama bao la kete, Tetris haina hadithi wala shujaa. Nguvu yake yote imo katika kanuni, na ndiyo maana haikuhitaji kutafsiriwa popote.

Kujenga bila kushinda

Will Wright, Mmarekani, alitengeneza gemu ya kulipua visiwa kwa helikopta mwaka 1984. Akiwa kazini aligundua kwamba anafurahia zaidi kuvijenga visiwa hivyo kuliko kuvilipua. Ugunduzi huo ndio ulioleta SimCity mwaka 1989. Mchezaji hugawa viwanja, hupitisha barabara na nyaya za umeme, hutoza kodi, kisha hungoja aone kama watu watahamia. Wachapishaji walisita, kwa sababu haikuwa na mwisho wala mshindi. Wanunuzi waliielewa. SimCity ilionyesha kwamba gemu inaweza kuwa mfano hai wa jambo tata: kodi ikipanda watu wanahama, barabara ikikosa kufika mtaa unadumaa.

Doom ilipotoka Desemba 1993, sifa iliyovuma ilikuwa kasi na hofu ya kuona kwa macho ya mhusika. John Carmack, John Romero na wenzao wa id Software waligawa sehemu ya kwanza bure na kuuza zilizobaki. Jambo lililodumu zaidi ni kwamba faili za gemu ziliachwa wazi kiasi cha kuwawezesha wachezaji kutunga hatua zao wenyewe na kuzigawa. Mteja akawa mtunzi. Damu iliyomwagika katika gemu za kipindi hicho iliwatia wasiwasi wabunge wa Marekani, na mwaka 1994 ukaanzishwa mfumo wa kupanga gemu kwa umri wa wachezaji.

Nyoka mfukoni

Mwishoni mwa 1997 Nokia ilitoa simu ya 6110 yenye Snake, iliyoandikwa na mhandisi wake Taneli Armanto. Nyoka hula, hurefuka, na hufa akijigonga. Afrika Mashariki, ambako simu ya mkononi iliwafikia watu wengi kabla ya kompyuta ya nyumbani, mchezo wa nyoka ulikuwa kwa wengi ndiyo gemu ya kwanza kushikwa mkononi. Mijini, vibanda vya gemu vikaleta PlayStation na kandanda ya Winning Eleven na FIFA: wawili wameshika padi, wengine wamesimama nyuma wakingoja zamu na kushangilia. Ule umati wa baa ya Sunnyvale ulipata ndugu zake Kariakoo na Eastleigh.

Uzito wa uamuzi

Karne hii ilileta gemu zinazomfanya mchezaji atilie shaka tendo lake mwenyewe. Katika Shadow of the Colossus ya mwaka 2005, kazi ya Fumito Ueda, shujaa lazima awaue viumbe 16 wakubwa mno. Wengine hawamshambulii hadi aanze yeye, na kila mmoja anapoanguka, muziki ni wa msiba. Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013, inamkalisha mchezaji kwenye meza ya ofisa wa uhamiaji. Akimwonea huruma msafiri mwenye karatasi pungufu, mshahara wake huweza kukatwa na familia yake ikalala njaa. Mwaka uliofuata studio ya 11 bit ya Warsaw ilitoa This War of Mine, kuhusu raia wanaotafuta chakula na dawa katika mji uliozingirwa.

Heshima ilianza kufuata. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu na filamu. Mwaka 2012 jumba la sanaa za kisasa la MoMA, New York, liliingiza gemu 14 katika hazina yake, zikiwemo Pac-Man, Tetris na SimCity 2000.

Silanga

Minecraft ya Msweden Markus Persson ilianza kuonekana mwaka 2009 na kukamilika Novemba 2011. Ulimwengu wake ni wa matofali ya mraba yanayovunjwa na kupangwa upya, bila amri ya nini kijengwe. Imeuza nakala zaidi ya milioni 300, na urithi wa watangulizi wake unaonekana ndani yake: safari ya Zelda, ujenzi wa SimCity, uwazi wa Doom.

Mwaka 2012 kampuni ya Persson, Mojang, na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, walianzisha mpango wa Block by Block. Wakazi wa mtaa huitwa kwenye warsha, eneo lao huundwa ndani ya Minecraft, nao hupanga njia, taa, miti na viti kabla ya mapendekezo kukabidhiwa wasanifu na mamlaka. Miongoni mwa maeneo ya kwanza ulikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Baadaye mpango ulifika nchi nyingi, zikiwemo Nepal, Peru na Haiti.

Faida yake ni kwamba mchoro wa msanifu huwashinda wengi kuusoma, lakini tofali la Minecraft hushikwa na kijana na mzee sawasawa. Nukta ya mwanga ya Brookhaven ilizimika wageni walipoondoka. Kwa wakazi wa Silanga, kompyuta zilipozimwa ulibaki mpango wa uwanja walioupanga kwa mikono yao wenyewe.