Chumvi ya Mwashya, toka Lufira hadi sufuria za Annexe

Kwenye masoko madogo ya Kalebuka, Kasapa na Luwowoshi, chumvi inauzwa kwa sashe, kando ya unga na mafuta ya ngazi. Familia iliyokimbia vita na kufika Annexe mikono mitupu inaweza kuazima sufuria na kula bila nyama. Lakini sombe bila chumvi, hata mtoto anaisukuma. Chumvi hiyo ni ya nje, inaingia kwa lori. Vijana wengi hawajui kwamba Katanga ilikuwa na chumvi yake, na kwamba watu walitembea siku nyingi kuifuata.

Ilitoka Mwashya, upande wa mto Lufira. Leo jina hilo linatajwa zaidi na watu wa madini, kwa sababu wanajiolojia walilichukua kuita tabaka moja la mawe ya Katanga. Wazee walilijua kwa chumvi. Kiangazi, maji yanapopungua, jua linavuta chumvi toka chini na udongo unageuka mweupe. Udongo ule ulikwanguliwa, ukatiwa ndani ya chujio na kumwagiwa maji. Maji yaliyochuruzika yalichemshwa ndani ya vyungu mpaka chumvi ibaki peke yake. Ilikuwa kazi ya moshi na ya kuni nyingi. Mahali pasipo na udongo wa namna ile, watu walichoma majani ya kwenye maji na kuchuja majivu yake. Chumvi hiyo ilikuwa na uchungu kidogo, lakini ilisaidia. Kiangazi ndicho pia kilikuwa wakati wa wafua shaba. Kwa hiyo katika miezi ileile chumvi, misalaba ya shaba, majembe na samaki vilikutana njiani.

Msiri aliikuta biashara hiyo. Baba yake, Kalasa, alitoka Usumbwa, nchi ya Tanzania ya leo, ambako watu walizoea kufuata chumvi ya Uvinza. Mwana akajenga utawala wake Bunkeya. Habari zake zinasimuliwa kwa pembe za tembo, shaba na watumwa. Chumvi inasahauliwa, na hapo wasimulizi wanakosea. Pembe haziliwi. Anayeshika njia ya chumvi anagusa kila jiko, la chifu na la mjane. Mwaka 1891 Wasanga waliasi, njia zikawa za hatari, na msafara wa Stairs ulipofika Bunkeya ulikuta njaa. Tarehe 20 Desemba mwaka ule Msiri alipigwa risasi na kapiteni Bodson. Watu wakatawanyika na vitu vyao kichwani. Kukimbia makao hakukuanza jana katika nchi hii.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 treni ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya sasa. Mfanyakazi wa migodi alipewa posho: unga, nyama au samaki, mafuta, chumvi. Hakuhitaji tena kwenda Lufira, lakini chumvi yake sasa ilikuwa mkononi mwa kampuni. Gécamines iliendelea na desturi hiyo ya kulisha wafanyakazi wake, mpaka shida za miaka ya 1990 zilipoiangusha na kila mama akarudi kujitafutia sokoni. Tazameni sasa chakula ambacho PAM inawagawia waliohamishwa na vita: unga, maharage, mafuta, chumvi. Hesabu ya kawaida ya chumvi ni gramu 5 kwa mtu kwa siku. Orodha ni karibu ileile ya posho ya babu.

Kila kundi lililoingia mjini lilikuja na jina lake la chumvi. Wabemba wanasema umucele, na Mswahili mgeni anaweza kudhani wanaomba mchele. Kilingala kilileta mungwa. Katika ufalme wa Kongo, kule magharibi, kubatizwa kuliitwa kula chumvi, maana padri alimwekea mtu chumvi kidogo kwenye ulimi. Desturi hiyo ilitoka katika ubatizo wa watoto baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Chumvi ya leo inabeba pia kitu ambacho macho hayaoni: iodini, inayozuia rovu, ule uvimbe wa shingo, na inayomsaidia mtoto kukua na akili timamu tangu tumboni. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, watafiti walionyesha kwamba muhogo usiolowekwa vizuri unaongeza rovu pale iodini inapokosekana. Hilo linawahusu wote wanaokula bukari ya muhogo kila siku. Iodini inapotea kwa hewa, unyevu na moto mwingi. Sashe ikishafunguliwa, chumvi iwekwe ndani ya chombo chenye kifuniko, na itiwe wakati sombe iko karibu kuiva.