Nguvu ya seksheni: somo la Lukaya kwa sinema za vita

Katika mabanda ya video ya Magu na Kanda ya Ziwa nzima, wengi walivijua vita kupitia Rambo na Commando, filamu za miaka ya 1980 ambamo mtu mmoja humaliza jeshi zima. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vinatufundisha tofauti.

Jeshi la Wananchi, lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo, lilirithi mpangilio wa Waingereza. Askari wapatao kumi ni seksheni, chini ya koplo. Seksheni tatu ni platuni ya luteni na sajenti wake. Juu yao kuna kombania, kikosi, brigedi na divisheni. Sinema hupenda kundi dogo kwa sababu mtazamaji hukumbuka kila sura. Saving Private Ryan (1998) inampa kapteni askari saba tu, ilhali cheo chake ni cha kuongoza kombania.

Rais wa Uganda, Idi Amin, alipovamia Kagera Oktoba 1978, jeshi lilipanuliwa haraka kwa mgambo wapatao 40,000. Divisheni ya 20 ikaja kuongozwa na Meja Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza uaskari katika King's African Rifles mwaka 1942.

Tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, ikiwa tayari ndani ya Uganda, ilishambuliwa huko Lukaya kwa maroketi ya Walibya waliomsaidia Amin. Mengi yalipita juu ya vichwa, lakini mshindo wake uliwatawanya askari. Usiku huo brigedi ikajipanga upya, huku Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa umbali wa kilomita 60 hivi, ikiamriwa kugeuka. Alfajiri Brigedi ya 208 ikatokea kwenye barabara ya Kampala, na adui akapigwa pande mbili. Kampala ikaanguka 11 Aprili.

 

Vitabu huwataja majenerali, lakini mgambo aliyetawanyika gizani hakurudishwa mstarini na jenerali. Alihitaji mtu wa karibu, anayemjua kwa jina. Atakayetengeneza filamu ya Lukaya aanze na koplo na seksheni yake, na awatafute wakongwe hao sasa, wangali wanaweza kusimulia.