Mkataba wa kitabu: asilimia 10 ya nini?

Mtu wa Kiembe Samaki akimaliza kuandika riwaya, hakimiliki ni yake tangu siku hiyo, hata kama hajaisajili popote. Jambo hili si la Muungano: Zanzibar ina sheria yake, Namba 14 ya mwaka 2003, na ofisi yake, COSOZA. Bara wana COSOTA.

Kwenye mkataba, anza na mrabaha. Tuseme kitabu kinauzwa Sh 10,000 na duka linabaki na 4,000. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni Sh 1,000 kwa nakala. Ya fedha zinazomfikia mchapishaji ni Sh 600. Hiyo ya pili si dhuluma, mradi imeandikwa wazi na hesabu inaletwa kila mwaka.

Zito zaidi ni muda. Hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo anayeiuza moja kwa moja ameuza na ya watoto wake. Bora umpe mchapishaji ruhusa ya miaka mitano, kwa Kiswahili tu, na iandikwe kwamba kitabu kikiisha madukani asikichape tena, haki zinarudi kwako. Tafsiri, redio na filamu zibaki nje. Na anayekutoza gharama zote za uchapaji huyo ni mpiga chapa tu. Hana haki ya kudai mrabaha.