Barawa: Timu ya Mji Ambao Wachezaji Hawawezi Kwenda

Tarehe 31 Mei 2018, kwenye uwanja wa Hayes Lane kule Bromley, kusini mwa London, kombe la dunia lilifunguliwa. Si lile la FIFA. Lile lilianza Urusi wiki mbili baadaye. Hili lilikuwa la CONIFA, shirikisho la timu ambazo FIFA haina nafasi nazo: watu wasio na nchi, visiwa, majimbo, jamii zilizotawanyika. Timu 16 zilikuja. Na mwenyeji wa mashindano, ingawa mechi zote zilichezwa London na pembezoni mwake, hakuwa Uingereza. Mwenyeji alikuwa Barawa.

Tuliligusia hili juu juu kwenye kipindi, na wengi wenu mkaandika kuuliza: Barawa ndiyo wapi? Na kwa nini mji mdogo wa Somalia uwe mwenyeji wa mashindano London? Basi leo tuikae hadithi yenyewe, kwa sababu inatuhusu kuliko inavyoonekana.

Barawa ni mji wa bandari kwenye pwani ya Benadir, kama kilomita 200 kusini ya Mogadishu. Ni mji wa zamani. Wareno waliuvamia na kuupora mwaka 1507, kwa hiyo wakati huo tayari ulikuwa na kitu cha kuporwa. Wenyeji wa mji wa kale huzungumza Chimini, ambayo ni jamaa ya karibu sana ya Kiswahili, na wataalamu wengi huihesabu kuwa ni lahaja yake ya kaskazini kabisa. Angalia jina lenyewe: pale sisi tunaposema "ki-", wao husema "chi-". Na "Mwini" ni "mjini" tu. Chimini ni lugha ya mjini, na wao wenyewe hujiita Wantu wa Miini. Ukilisoma kwa sauti utaelewa bila mkalimani.

Ukiwa na jamaa Mombasa, Lamu au Unguja, huenda jina Mbarawa si geni kwako. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, ni miongoni mwa walioieneza tarika ya Qadiriyya mpaka Zanzibar, na kutoka hapo ikaingia bara. Dada Masiti, mshairi aliyetunga kwa Chimini, anakumbukwa mpaka leo. Yaani mji huu haukuwa pembeni ya ulimwengu wa Waswahili. Ulikuwa mmoja wa milango yake.

Halafu ikaja 1991. Serikali ya Siad Barre ilianguka, na silaha zikawa mikononi mwa makundi ya koo. Wabarawa walikuwa wafanyabiashara, mafundi na wavuvi, hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwalinda. Mji uliporwa tena na tena. Watu walipanda majahazi na boti kwenda Mombasa, wakaishi kambini kwa miaka. Wengine walihamishiwa Marekani miaka ya 1990 kwa mpango wa kuwapokea wakimbizi wa Benadir, wengine wakafika London. Mji wenyewe baadaye ukaingia mikononi mwa al-Shabaab, ukakombolewa na majeshi ya Somalia na Umoja wa Afrika Oktoba 2014. Kabla ya hapo, wakati wa Kombe la Dunia la 2010, makundi yaliyotawala sehemu kubwa ya kusini mwa Somalia yalipiga marufuku hata kutazama mpira kwenye televisheni.

Sasa fikiria: watoto wa mji huo wanakulia London, na Jumapili wanacheza mpira kwenye viwanja vya matope kama vijana wote wa London.

Ndipo timu ya Barawa ilipotoka. Ni timu ya ridhaa, ya vijana wa Kisomali wanaoishi Uingereza, hasa wenye asili ya Barawa na kusini mwa Somalia. Haikuwa na uwanja wake, haikuwa na matajiri, na wachezaji wake walitoka ligi za chini, zile ambazo mtu anacheza jioni na asubuhi anakwenda kazini. CONIFA ilitaka mashindano yaandaliwe na mwanachama, na Barawa walikuwa wanachama wenye makazi London. Hivyo mji ulio kwenye pwani ya Bahari ya Hindi ukawa mwenyeji wa kombe lililochezwa Bromley, Enfield na viwanja vingine vya timu ndogo.

Wenzetu wa Zanzibar jambo hili hawahitaji kuelezwa sana. Zanzibar ilipokewa na CAF kama mwanachama kamili Machi 2017, na kabla mwaka haujaisha, mwezi Julai, ikavuliwa uanachama huo. Mwaka 2012 ilicheza kombe jingine la timu zisizo za FIFA, kule Kurdistan ya Iraq, na ikashika nafasi ya tatu. Kuwa na timu lakini usiwe na mahali pa kuichezesha, hilo pwani wanalijua.

Turudi uwanjani. Mechi ya ufunguzi, Barawa waliifunga Tamil Eelam 4-0. Iliyofuata wakafungwa 2-1 na Cascadia. Ya tatu, dhidi ya Ellan Vannin, timu ya Isle of Man iliyopewa nafasi kubwa, Barawa wakashinda 2-0. Timu tatu zikawa na pointi 6 kila moja. Tofauti ya magoli ikawaweka Barawa juu, na Ellan Vannin nje ya robo fainali.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Ellan Vannin walidai kwamba Barawa walimchezesha mchezaji aliyeongezwa kikosini kinyume cha kanuni. CONIFA ikajibu kwamba kanuni ilikuwa imerekebishwa na mchezaji huyo ni halali. Ellan Vannin hawakuridhika, wakafunga mizigo na kujitoa kwenye mashindano. Sitaki kuwa hakimu hapa. Kanuni ikirekebishwa mashindano yakiwa yanaendelea, mtu yeyote ana haki ya kunung'unika, hata kama mwenye kunufaika ni timu unayoipenda.

Robo fainali, Barawa walikutana na Cyprus ya Kaskazini. Walifungwa 8-0. Ndiyo, nane. Cyprus ya Kaskazini walifika mpaka fainali wakashindwa kwa matuta na Karpatalya, timu ya Wahungari wa Ukraine. Safari ya wenyeji kuelekea kombe iliishia kwenye zile nane.

Lakini ugomvi ule ulizua swali jingine ambalo mitandaoni halikuisha haraka: wale vijana ni Wabarawa kweli? Wangapi kati yao wamewahi kuuona mji? Wangapi wanajua Chimini? Wengine asili yao ni sehemu nyingine za Somalia, na wengine ukiwauliza jina la mtaa mmoja wa Barawa watakutazama tu.

Swali hili nyote mnalijua, kwa sababu mmeulizwa. Kila mwenye baba wa Mombasa au bibi wa Ng'ambo, aliyezaliwa Leicester au Columbus, amekutana na yule mjomba harusini anayesema, "Huyu naye Mswahili? Hata kusalimia hajui!"

Jibu langu linatoka kwenye historia ya mji wenyewe. Barawa haikuwahi kuwa ya watu wa aina moja. Walikuwepo Watunni, ambao ni Wasomali. Walikuwepo Wabida na Wahatimi. Walikuwepo Masharifu waliotoka Arabuni. Na walikuwepo watu waliofika kwa jahazi wakakaa. Mji ndio uliowafanya kitu kimoja, pamoja na lugha, ndoa, biashara na misikiti yake. Mtu hakuwa Mbarawa kwa sababu damu yake ilipimwa. Alikuwa Mbarawa kwa sababu aliishi na Wabarawa na wakamkubali. Kwa kipimo hicho, kikosi cha mchanganyiko cha mwaka 2018 hakikuwa na ajabu yoyote. Kilifanana na mji.

Ila tusijidanganye. Jezi haifundishi lugha. Pale Barawa, Chimini ilirithiwa jikoni, madrasani na sokoni, na mahali hapo pote pamevunjika. Huku ughaibuni watoto wanakua na Kiingereza, Kisomali kidogo, labda Kiswahili cha Mombasa walichokiokota wazazi kambini. Wazungumzaji wa Chimini sasa wametawanyika kati ya Somalia, Kenya, Uingereza na Marekani, na wengi ni watu wazima. Timu inaweza kulifanya jina la mji lisomwe kwenye magazeti kwa siku 10. Haiwezi kumfanya mtoto wa miaka 6 ajue bibi yake amesema nini.

Kwa upande mwingine, lugha peke yake bila mahali pa kukutania nayo hufa. Na mahali pa kukutania pana gharama yake. Juni 2013, kituo cha Wabarawa kule Muswell Hill, kaskazini mwa London, kiliteketezwa kwa moto usiku, na herufi za kundi la chuki dhidi ya Waislamu, EDL, zikakutwa ukutani. Pale ndipo watoto walipokuwa wakisomeshwa na wazee wakikutana. Miaka 5 baadaye, jina la jamii ile ile lilisimama kwenye ubao wa magoli upande wa pili wa jiji hilo hilo, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hilo nalo si dogo.

Kwa hiyo nikiulizwa timu ya Barawa ilifanikiwa au ilishindwa, nasema ilifanya kazi ambayo timu ya ridhaa inaiweza: iliwakusanya watu. Ilimpa kijana sababu ya kumuuliza baba yake, "Barawa tulikaa upande gani?" Kazi inayofuata si ya mabeki wala washambuliaji. Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejua Chimini, Kibajuni, Chimwani au lahaja yoyote inayosikika kwa nadra, mrekodi. Muulize majina ya samaki, majina ya pepo za bahari, alivyoitwa na mama yake alipokuwa mdogo. Usingoje siku ya harusi ambapo kuna kelele. Mpigie leo jioni, baada ya Isha, wakati ameshakunywa chai.