Mashua za gurudumu la nyuma na migongo ya wazee wetu



Siku moja, katika mwaka wa tano wa sekondari, nilikuwa nafundisha jinsi Wazungu walivyopanda mto Kongo. Nikachora ubaoni mashua ya zamani: bomba la moshi mbele, na nyuma kabisa magurudumu mawili makubwa yenye mbao. Mwanafunzi mmoja wa Walikale akanyoosha mkono: «Mwalimu, ile mashua ilifika kwetu?» Nikamjibu haraka kwamba haikufika, nikaendelea na somo. Lakini jioni nikaona kwamba jibu langu lilikuwa nusu ya jibu. Hapa naandika nusu iliyobaki.

1. Chombo chenyewe

Meli ya bahari inasukumwa na elisi, kile chuma chenye mabawa kinachozunguka chini ya maji. Elisi inataka maji marefu. Lakini mto Kongo na mito inayouingia ina mchanga unaohama kila msimu, na magogo yaliyolala chini. Elisi ikigonga gogo, safari imekwisha.

Gurudumu halizami hivyo. Mbao zake zinapiga maji juu juu tu, kama makasia mengi yenye kufuatana, na kwa hiyo chombo chenyewe kinaweza kuwa bapa na kupita mahali ambapo maji hayafiki shingoni mwa mtu. Na juu ya nini waliliweka nyuma, si pembeni? Kwa sababu mwili wa mashua unalikinga na magogo yanayoelea, tena mashua inabaki nyembamba na inaweza kuegama ukingoni pasipo gati. Ubao ukivunjika, fundi anakata mti na kuchonga mwingine.

Mashua nyingi zilikuwa na gurudumu moja pana. Zingine ziliwekewa mawili, moja karibu na lingine. Pale ambapo kila gurudumu lilikuwa na mashini yake, nahodha aliweza kupeleka moja mbele na lingine nyuma, chombo kikageuka karibu mahali pamoja. Katika mto wenye kona nyingi, hiyo ni faida kubwa.

Kwetu watu wa msitu, chombo kinachopanda mto bila makasia si jambo geni kabisa katika mawazo. Katika utenzi wa Mwindo, ambao Wanyanga wameuhifadhi, mtoto Mwindo anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, na ile ngoma inakwenda kinyume cha mkondo. Lakini Mwindo alikuwa na nguvu zake mwenyewe. Mashua ya Wazungu ilitaka kulishwa.

2. Namna zilivyofika

Kati ya Matadi na Kinshasa mto una maporomoko. Kwa hiyo kila mashua ililetwa kutoka Ulaya vipandevipande, ikabebwa na watu kupita milima, kisha ikaungwa tena. Ndivyo Stanley alivyofikisha «En Avant» kule Pool mwaka 1881. Njia ya reli ya Matadi ilimalizika mwaka 1898 tu. Ni kusema kwamba kwa miaka karibu kumi na saba vyuma vingi vya mashua vilipita kwa nguvu za watu.

Kutoka Kinshasa hadi Kisangani ni karibu kilomita 1.700 za maji. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alipanda huko kwa mashua akiwa gavana wa Stanley Falls. Mwaka 1890 Joseph Conrad, baharia aliyekuja kuwa mwandishi, alipita mto huo huo ndani ya «Roi des Belges», mashua ya gurudumu la nyuma. Watu wengi wanajua majina hayo mawili. Nani anajua jina la mtu mmoja tu kati ya wale waliowakatia kuni?

Maana kuni ndizo zilizokuwa chakula cha mashua. Kando ya mto kulikuwa na posti za kuni. Kila siku chombo kilisimama, watu wakapakia, au wafanyakazi wenyewe wakaingia porini na shoka usiku. Vijiji vya ukingoni viliamriwa kutoa kuni na chakula, na katika miaka ya État Indépendant (1885–1908) asiyetoa alijua fimbo.

3. Kwa nini hazikufika Walikale

Baada ya Kisangani kuna maporomoko ya Boyoma, na mashua haipiti. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ubundu mashua zilipanda tena mto Lualaba hadi Kindu, kama kilomita 300. Katikati ya safari hiyo zilipita mahali ambapo mto Lowa unaingia Lualaba.

Lowa ni mto wetu. Maji yanayotelemka magharibi ya milima ya Masisi yanaingia Oso na Lowa, yanapita Walikale, yanafika Lualaba. Hata maji ya upande wa Sake, yanayoingia ziwa Kivu, yanazunguka kwa Ruzizi, Tanganyika na Lukuga, mwisho yanaingia Lualaba ile ile. Maji yetu yote yalifika penye mashua. Lakini mashua haikuweza kuja kwetu, kwa sababu Lowa inashuka kwa kasi kati ya mawe.

Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alitoka ziwa Kivu akavuka msitu hadi Lualaba. Alivuka kwa miguu, pamoja na wapagazi wake. Na hata baada ya mashua kuzoeleka Lualaba, kutoka ukingo wake mpaka milima ya Masisi hakukuwa na gurudumu la namna yoyote, mpaka barabara za magari zilipochimbwa, nazo zilichimbwa kwa mikono. Chumvi, vitambaa, risasi, masanduku ya afisa: vyote vilitembea juu ya watu.

4. Nusu iliyobaki

Basi, kijana wangu, mashua haikufika Walikale, lakini kazi yake ilifika. Pale gurudumu liliposimama, mgongo wa mtu ulianza.

Na hayo si ya zamani tu. Baada ya mwaka 2002, wakati wa kasiterite ya Bisie, tuliona vijana wakibeba magunia kwa miguu katika msitu wa Walikale, mpaka Njingala, ndipo ndege ndogo zikayachukua kutoka barabarani kuelekea Goma. Mvuke ulikuwa umekwisha kuwa hadithi, lakini mpagazi alikuwa bado njiani.

Tunapofundisha historia ya usafiri, tusihesabu mashini peke yake. Nawaomba ninyi wasomaji: kama kwenu kuna mzee anayekumbuka baba au babu yake alibeba mzigo gani, kutoka wapi mpaka wapi, muandikieni jina lake katika daftari kabla hajatuacha. Majina ya mashua yamekwisha kuandikwa.